Vocha za mbolea: waliopata ni akina nani? Huku Njoro, kaunti ya Nakuru, tunatazamana tu

Wadau, leo sinyamazi.

Tarehe 23 Mei 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shilingi bilioni 53.7 za kufufua uchumi ulioangushwa na korona. Humo ndani bilioni 3 ni za pembejeo, wakulima wadogo 200,000 wapewe kwa vocha. Wenye maua na mboga za kuuza ng'ambo wakatengewa bilioni 1.5 ili mzigo wao ufike sokoni. Nikapiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto: elfu kumi na tano kwa kila mkulima. Si haba, nikasema, hapo pana mbolea na mbegu.

Lakini Mei 23! Nani huku Njoro, Molo au Elburgon hungoja mwisho wa Mei ndipo apande mahindi? Yangu yalikuwa yanakaribia goti, na DAP, mbolea ya kupandia, nilishachukua kwa deni. Aliyeandika hiyo hotuba nadhani anayajua mahindi ya kuchoma tu.

Haya, tukasema hata ikichelewa bora ije. Mzee wa kijiji akapita akituambia twende kwa chifu na kopi ya kitambulisho. Tukapanga foleni, barakoa kidevuni. Karani anaandika majina kwa penseli. Penseli, jamani! Kumuuliza, ananijibu, "Mama, hii ni ya muda tu, itaingizwa kwa kompyuta." Kisha akataka kujua kama shamba ni langu. Nikamwambia nimekodi, ekari mbili, na kodi nalipa kabla sijashika jembe. Akachora kimsalaba kidogo kando ya jina langu, akaita anayefuata.

Meseji za vocha zilipoanza kuingia kwa simu, mwenye shamba ninalokodi akapata. Huyo ana nyumba za kupangisha Nakuru mjini, na shambani huja siku ya kuchukua kodi. Ndiye mkulima mdogo! Na mnajua alichofanya? Alinipigia simu akitaka niinunue ile mbolea ya vocha kwa bei ya dukani. Tena kwa sauti ya upole, kama mtu anayenifanyia hisani.

Jirani yangu naye alipata meseji, akaambiwa atangulize fungu lake la pesa. Akauza mbuzi. Kufika kwa agroveti, duka la pembejeo aliloelekezwa, mbolea hakuna, "jaribu wiki ijayo". Mbuzi hakurudi.

Na asije mtu hapa kuniambia korona ilikuwa shida ya watu wa mjini. Shule zilifungwa Machi, hoteli zikafuata, chipsi nani atakula? Nairobi ikawekewa vizuizi Aprili, madalali wakapata kisingizio cha kushusha bei. Waru, yaani viazi, niliuza mia nane gunia, na gunia lenyewe lumbesa, lile la kujazwa kupita kiasi, wakati sheria inasema lisizidi kilo 50. Ukikataa, dalali anawasha lori. Kafyu ya saa moja jioni nayo ikatukosesha mwenye pikipiki wa kuchukua maziwa ya jioni. Tukanywa sisi, wakanywa na mbwa, mengine yakaganda.

Wenye maua siwaonei wivu, nao wana vibarua wanaolisha watoto. Ila wao walikuwa na watu wa kuwasemea Nairobi. Sisi tulisemewa na penseli.

Ninachotaka si kikubwa. Orodha ya waliopata vocha ibandikwe ukutani kwa chifu, jina na kijiji, tuisome wenyewe. Wakulima wa kukodi waandikwe kama wakulima, maana shamba linalimwa na aliye shambani, halilimwi na hati ya ardhi.

Kama wewe ulipata, Kuresoi, Bahati, Rongai, popote pale, andika hapa: ulipata mwezi gani, ulitanguliza ngapi, na mbolea uliiona kwa macho? Wa Bungoma na Trans Nzoia pia semeni. Na ukitaka kuja kuitetea serikali, tuambie kwanza wewe hupanda lini.