Naomba ushauri: gugumaji linarudi kila tukiling'oa

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Tuna kikundi cha kujitolea kinachotunza vijito na ardhi oevu za mjini, sasa gugumaji linatushinda, tunaling'oa kwa reki na mikono, baada ya wiki chache tu limefunika tena maji yote, na mbegu zake zinakaa kwenye tope miaka na miaka. Kuliacha lioze humo sikubali kabisa, linamaliza oksijeni samaki wanakufa, na tukilirundika ukingoni mvua ikija linarudi majini. Matete hatugusi, yale ndo yanachuja uchafu na kushika udongo. Waliowahi kulidhibiti bila sumu mlifanyaje? Na wanaojitolea mnawatiaje moyo, maana wakikuta limerudi wengine hawaji tena.