Dereva anayejilipia mbio: mwanamichezo wa taifa au mteja tu?

Kinda la Ilala: Wadau, mpira ulipata Goli la Mama, 2023 Rais Samia alitoa milioni 5 kwa kila bao Simba na Yanga wakifunga kimataifa. Sasa Mtanzania akijitutumua akaenda nje kwenye mbio za magari ya saluni, yaani haya ya kawaida ya familia yaliyotengenezwa upya kwa mbio, gari kakodi, matairi kanunua kwa hela yake, bendera yetu ubavuni, naye asaidiwe au aachwe? Mehdi Bennani wa Morocco hakuwa dereva wa kiwanda, yule anayeajiriwa na kampuni ya magari. 2014 alishinda Shanghai na Honda ya timu binafsi, 2016 akabeba kombe la madereva binafsi kwenye mbio za dunia za saluni.

Mzee wa Upanga: Anayelipa ndipo akimbie ni mteja. Mimi nikikata tiketi ya boti ya Zanzibar sijawa nahodha.

Fundi Gerezani: Mzee hapo umenikera. Hao wateja wako ndio wanaojaza uwanja viwanda vikishajitoa. Robb Gravett alichukua ubingwa wa Uingereza 1990 na Ford Sierra, timu yake mwenyewe. Matt Neal naye, 1999 pale Donington, kashinda na Nissan Primera akalamba pauni 250,000 zilizotengwa kwa dereva binafsi wa kwanza kuzipiga bao timu za kiwanda. Mteja gani anaondoka na chenji ya namna hiyo?

Mzee wa Upanga: Neal huyohuyo ambaye timu ilikuwa ya baba yake? Na baba alikuwa na kiwanda cha rimu za magari? Watoto wa matajiri tu. Hata wetu tunawajua, ndio wanaotuamsha saa nane usiku na Subaru zilizokatwa ekzosi.

Mama Msasani: Mzee Mungu akuweke! Jumamosi huku hakulaliki. Mtoto mchanga anaruka kitandani kama kapigwa shoti.

Fundi Gerezani: Mama, pole, lakini usinichanganyie watu. Gari la saketi, yaani uwanja wa mbio wa lami, linapimwa uzito, linapimwa kelele, na huko Uingereza hadi 2021 ukishinda ulikuwa unabebeshwa vyuma ili mbio ijayo wenzako wakufikie. Huyo wa kwenu kapimwa nini?

Dogo Sinza: Hivyo vyuma wafungiwe bodaboda wanaoingia njia ya mwendokasi 😂😂

Mama Msasani: Wewe cheka. Huna mtoto.

Kinda la Ilala: Jamani, mada ni kusaidiwa.

Abuu Temeke: Asaidiwe kwa lipi? Nchi yenyewe haina historia ya mbio, hizo ni za Wakenya.

Mzee wa Upanga: Umezaliwa lini wewe? Bert Shankland alikuwa mtu wa hapahapa Dar. Safari Rally kashinda 1966, karudia 1967, Peugeot 404. Enzi hizo Safari inapita Kenya, Uganda na kwetu.

Abuu Temeke: Mzungu. Tena ile ni rali ya vumbi, haina uhusiano na saketi.

Mzee wa Upanga: Kwa hiyo ulitaka awe na rangi gani ndipo ushindi uhesabike? Vijana mnaongea kama nchi ilianza mlipopata simu.

Abuu Temeke: Na wazee mnaongea kama iliisha mlipostaafu.

Fundi Gerezani: Abuu, 404 lilikuwa gari la kupeleka familia kanisani, saluni kabisa. Mzee, kumbe mbio unazipenda! Mbona kijana wa leo unamwita mteja?

Mzee wa Upanga: Shankland hakupiga kelele Msasani.

Fundi Gerezani: Na huyo kijana wa Kinda kapiga lini?

Dogo Sinza: Fundi, kukata ekzosi ya Subaru kwenu Gerezani ni bei gani? Namuulizia rafiki.

Fundi Gerezani: Njoo inbox.

Mama Msasani: Nimeiona hiyo! Fundi, kumbe ni wewe!