Qatar 2025: hesabu ya mzunguko wa 7 ilikuwaje?

KonaYaTano:
Habari wakuu. Naomba wanaoelewa mambo ya matairi wanifafanulie mbio za Formula 1 (F1) za Lusail, Qatar, Novemba 2025. Madereva Hülkenberg na Gasly waligongana mzunguko wa 7, gari la usalama (lile linalowaongoza wote kwa mwendo wa taratibu baada ya ajali) likatoka, na karibu timu zote zikaingia kubadili matairi. Timu ya McLaren ikawaacha madereva wake, Piastri na Norris, waendelee. Piastri alianza wa kwanza akamaliza wa pili, Norris akamaliza wa nne, ushindi ukaenda kwa Verstappen wa Red Bull. Kila mahali nasoma kwamba "McLaren walikosea", basi, inaishia hapo. Nataka hesabu yenyewe. Kwa nini mzunguko wa 7 na si wa 5 au wa 12? Na mtazamaji anawezaje kuliona jambo hilo papo hapo, kabla mtangazaji hajalisema?

TairiNjano:
Mkuu, anza na namba mbili: 57 na 25. Mbio zilikuwa mizunguko 57, na kwa wikiendi ile iliwekwa kanuni kwamba seti moja ya matairi isizidi mizunguko 25. Sababu ni kona za kasi za Lusail, zinazolikandamiza sana tairi la mbele kushoto. Mwaka 2024 seti kadhaa zilikutwa zimelika hadi mwisho kabisa, na mpira ukifika hapo tairi linaweza kupasuka gari likiwa kwenye kasi kubwa. Pirelli, watengenezaji wa matairi ya F1, walipeleka aina tatu ngumu kuliko zote, C1, C2 na C3, na bado ukomo ukahitajika.

Sasa toa: 57 kutoa 25 ni 32. Kwa hiyo hakuna anayeweza kufika mwisho kwa seti aliyofunga kabla ya kumaliza mzunguko wa 32. Toa 25 tena, unabaki na 7. Hapo ndipo penye jibu lako. Ukiingia mwishoni mwa mzunguko wa 7 imebaki 50, yaani 25 na 25 kamili. Ukiingia mwishoni mwa wa 6 imebaki 51, na unalazimika kuingia mara tatu. Ajali ilitokea kwenye mzunguko wa kwanza kabisa ambao uliruhusu kumaliza kwa kuingia mara mbili tu. Ingetokea mzunguko mmoja mapema, McLaren wangekuwa na hoja nzuri ya kubaki nje.

Kingine ni bei ya kuingia. Kwenye njia ya piti, yaani ya kuingilia kubadili matairi, mwendo haupiti kilomita 80 kwa saa, iwe mbio zimepamba moto au zimepoozwa. Wenzako wakiwa kwenye kasi kamili, pale Lusail unapoteza zaidi ya sekunde 20. Wakiwa nyuma ya gari la usalama wanatambaa, kwa hiyo hasara yako inapungua sana. Wapinzani walilipa bei nafuu mara moja na bei kamili mara moja, mzunguko wa 32. McLaren walilipa bei kamili mara mbili. Tofauti hiyo huipati tena kwa kuendesha vizuri peke yake, hata ukiwa na gari bora uwanjani. Piastri alikuwa na kasi ya kushinda siku ile.

Gridi_Safi:
Nakubaliana na hesabu, ila tuwatendee haki McLaren kwa kuangalia walichokiona wakati ule. Aliyeingia mzunguko wa 7 alijifunga: lazima aingie tena wa 32, si kabla wala baada. Aliyebaki nje alikuwa huru kuchagua, mradi aingie kabla seti yake ya kwanza haijazidi mizunguko 25. Kama gari la usalama lingetoka tena, tuseme mzunguko wa 18, McLaren wangeingia kwa bei nafuu, na waliokwishaingia wangekwama: wakibadili hapo wanabaki na mizunguko 39, inayozidi 25, kwa hiyo wangelazimika kuingia tena. Uhuru huo una thamani kweli.

Udhaifu wake ni kwamba unategemea ajali ya pili. Isipotokea, uhuru huo haukupi hata sekunde moja. Pia walidhani kundi litagawanyika, wengine waingie na wengine wabaki, halafu wao wakwame katikati ya msongamano. Kundi halikugawanyika.

Na kuna suala la magari mawili. Piastri alikuwa wa kwanza, Verstappen wa pili, Norris wa tatu. Wote wawili wakiingia pamoja, Norris angesubiri nyuma ya Piastri sekunde chache na kupoteza nafasi. Kwa maoni yangu hiyo bado ilikuwa hasara ndogo. Angalau gari moja lilipaswa kuingia, hasa lile la Norris, kwa sababu Verstappen aliyekuwa mbele yake alikuwa tayari ameelekea piti.

KonaYaTano:
Asanteni sana. Swali dogo: je, mizunguko ya nyuma ya gari la usalama ilihesabiwa kwenye ile 25? Na seti iliyokwisha kutumika Jumamosi?

TairiNjano:
Yote inahesabiwa, ndugu. Nyuma ya gari la usalama inahesabiwa, hata ile ya gari la usalama la mtandaoni (madereva wanapoamriwa kupunguza mwendo bila gari lenyewe kutoka). Isiyohesabiwa ni ya kwenda kwenye gridi (mahali pa kuanzia), ya kupasha matairi moto kabla ya kuanza, na ya baada ya bendera ya kumalizia. Hesabu ni ya wikiendi nzima, si ya mbio tu. Seti iliyokimbia mizunguko mitatu kwenye mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia imebakiwa na 22. Ndiyo maana mpango wa 25 na 25 ulihitaji seti mbili mpya kabisa. Seti ya kuanzia ndiyo ingeweza kuwa iliyotumika, maana ilitakiwa idumu mizunguko 7 tu. Na kanuni ya kawaida haikufutwa: mbio zikiwa kavu lazima utumie angalau aina mbili za matairi.

Kwa kutazama: kabla ya taa kuzimika, andika mizunguko yote, toa muda mrefu ambao tairi gumu linaweza kudumu, kisha toa tena. Namba unazopata ndiyo milango. Gari la usalama likitoka mlango ukiwa umefunguka tu, anayebaki nje awe na sababu nzito. Kwenye programu ya F1 umri wa tairi la kila dereva unaonekana, usisubiri kuambiwa.

Pointi423:
Niongeze upande wa pointi, kwa sababu watu wanaitupia Qatar lawama zote. Baada ya Lusail: Norris 408, Verstappen 396, Piastri 392. Abu Dhabi, mbio za mwisho za msimu, mshindi anapata 25, wa tatu 15, wa nne 12. Verstappen akishinda anafika 421. Norris akiwa wa nne ni 420, amekosa ubingwa kwa pointi moja. Akiwa wa tatu ni 423. Alimaliza wa tatu.

Sasa rudi Las Vegas, wiki moja kabla ya Qatar. Norris alivuka wa pili na Piastri wa nne, wote wakaondolewa kwa sababu ubao wa chini ya gari ulikuwa umelika chini ya milimita 9. Ukiwa mpya ni milimita 10. Gari lilikuwa likidundadunda kwenye kasi kubwa na kuusugua ubao kwenye lami kuliko timu ilivyotarajia. Norris alipoteza pointi 18, Piastri 12. Warudishie: Norris angetoka Qatar na 426, na Verstappen, aliyeshinda Vegas vilevile, angebaki na 396. Pengo la 30 wakati zimebaki 25! Verstappen angetolewa kwenye hesabu usiku uleule wa Lusail, pamoja na makosa yote ya mzunguko wa 7, na Abu Dhabi ingekuwa vita ya Norris na Piastri, 426 kwa 404.

Gridi_Safi:
Hapo kweli, ingawa ubao na matairi si makosa ya aina moja. Ubao uliamuliwa kabla ya mbio, kwenye urefu wa gari kutoka ardhini, na wakati wa mbio unachoweza kufanya ni kumwambia dereva apunguze mwendo sehemu zenye matuta. Uamuzi wa mzunguko wa 7 ulifanywa ndani ya dakika moja au mbili, na namba zote zilikuwa mezani tangu kanuni ya 25 ilipotangazwa kabla ya wikiendi kuanza.