Ushauri wakuu: nimepewa ofa ya Pontiac Vibe 2009, na Pontiac yenyewe ilishakufa. Ninunue?

Kijana_wa_Pongwe

Habari za majukumu wakuu. Niko Columbus, Ohio, nafanya kazi ghala moja nje ya mji, zamu ya usiku. Basi la mwisho linaondoka kabla sijatoka kazini, na nimechoka kuomba lifti kwa watu ambao nao wamechoka. Nina dola 4,500, na humo humo nataka zibaki za usajili na bima.

Kuna bibi mstaafu, jirani yetu, anauza Pontiac Vibe ya 2009, otomatiki, maili 138,000. Anataka 3,800. Ndani safi, siti hazijachanika, na ana bahasha nzima ya risiti za sevisi. Corolla za mwaka huo zenye maili kama hizo, kila ninayoiona haishuki 5,500.

Kazini wananicheka. Wanasema Pontiac ilikufa zamani, spea nitazisikia tu, na siku nikitaka kuiuza hakuna atakayeigusa. Mwingine kaniambia bima watanikataa. Hayo yana ukweli? Na je, baada ya miaka miwili mitatu naweza kuisafirisha nyumbani Tanga? Wenye uzoefu naomba mnisaidie. Kejeli sihitaji, za kazini zinanitosha.

Dereva_Mkongwe

Usinunue. Mimi nilishawahi kuwa na gari la jina lililofutwa, silitaji. Saiti mira ilivunjika, nikazunguka nayo imefungwa kwa gundi ya karatasi mpaka watoto wakaona aibu kupanda. Vumilia, ongeza hela, chukua Corolla ulale usingizi.

Spana_14

Mkuu Dereva, Corolla ndiyo hiyo anayouziwa.

Kijana, mimi ni fundi, niko Dayton hapo jirani yako. Vibe ina nembo na sura ya Pontiac, lakini injini, giaboksi na vya chini vyote ni vya Toyota. Zilikuwa zinatoka Fremont, California, kwenye kiwanda cha NUMMI ambacho GM (General Motors, kampuni mama ya Pontiac) na Toyota walikiendesha kwa ubia kuanzia 1984. Pacha wake ni Toyota Matrix, iliyokuwa ikiundwa Cambridge, Ontario, kule Kanada. NUMMI ilifungwa Aprili 2010, na jengo hilo hilo leo linatoa Tesla.

Sasa sikiliza. Vibe za 2009 zina injini mbili. Ya lita 1.8 ni 2ZR-FE, injini ya Corolla ya mwaka huo, hiyo haina maneno. Ya lita 2.4 ni 2AZ-FE, na za miaka ile zina ugonjwa unaojulikana wa ringi za pistoni: zinakunywa oili. Hukutuambia ya bibi ni ipi. Usiulize mtu, fungua boneti usome kibandiko cha moshi kilichobandikwa chini yake, ujazo umeandikwa pale.

Spea: plagi, filta, koili, pampu ya maji, bush, hivyo vyote vipo kila duka. Mwenye duka akisitasita kwa jina la Pontiac, mwambie Matrix ya 2009. Kilicho cha Pontiac peke yake ni vya nje: bampa, taa, fenda, grili. Hapo mkuu Dereva ana hoja yake, maana ukigongwa utakwenda kuvitafuta skrepa. Lakini skrepa za Ohio bado zinazo.

Siku ya kukagua nenda asubuhi, na umwombe bibi asiiwashe kabla hujafika. Chomoa kijiti cha oili uone kimefika wapi na oili ina rangi gani. Halafu mulika tochi ubavuni mwa injini, upande wa mikanda. Ukiona michirizi ya rangi ya waridi iliyokauka, hiyo ni kulanti, pampu ya maji imeanza kuvuja. Injini hizi ndio ugonjwa wao, hautishi, ila unapunguza bei. Baada ya hapo lala chini kabisa. Ohio wanamwaga chumvi barabarani msimu mzima wa theluji na chumvi inakula chuma. Gonga kwa bisibisi kwenye fremu inayobeba injini na kwenye bimu ya nyuma, fuatisha mabomba ya breki kwa vidole. Bisibisi ikizama, mshukuru bibi uondoke.

Na uandike VIN, ile namba ya utambulisho wa gari, herufi na tarakimu zote 17, uziingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya Marekani ya usalama barabarani. Vibe za 2009 na 2010 ziliitwa kurekebishwa pedali ya mafuta, na baadaye zikaitwa kwa ajili ya mifuko ya hewa yenye kasoro ya kampuni ya Takata. Kama bado, unakwenda kwa wakala yeyote wa Chevrolet au Buick, wanakufanyia bure. Pontiac imekufa, GM haijafa.

Mama_Wawili_MN

Ninayo ya 2005, kizazi cha kwanza, niko Minneapolis. Sijui habari za 2ZR wala nini, nasema ninachokiona kila siku.

Siti ya abiria wa mbele inalala kabisa kwenda mbele, na za nyuma pia, kwa hiyo nimebeba ngazi, nimebeba kabati, nimebeba zulia zima la msikiti na buti likafungwa. Sakafu ya nyuma ni plastiki ngumu, ukimwagikiwa na mchuzi wa harusi unafuta kwa kitambaa. Kwenye dashibodi kuna soketi ya umeme ya volti 115 kama ya ukutani, nachaji kompyuta ya mtoto njiani. Kioo cha nyuma kwenye kizazi chetu kinafunguka peke yake bila kufungua mlango mzima. Galoni moja inanipa maili 29 hivi nikiwa kwenye barabara kuu.

Mabaya: nguzo za nyuma ni nene, kurudi nyuma maegeshoni unamwomba Mungu. Makelele ya matairi yanaingia ndani. Na ukipanda mlima otomatiki yake ya gia nne inalalamika mno na mwendo hauongezeki.

Bima hakuna anayekukataa kwa sababu ya jina, huo ni uongo wa kahawani. Chukua bima ndogo tu. Bima kubwa kwa gari la 3,800 ni kuwatajirisha, maana likigongwa watakulipa bei ya soko, na bei ya soko ya Pontiac unaijua.

Babu_wa_Woodward

Nimekuja Michigan 1986, na nimeendesha Pontiac tatu. Huyo kijana anastahili kujua anakalia nini.

Pontiac ni mji, kaskazini ya Detroit, ukiifuata barabara ya Woodward unaingia moja kwa moja. Jina la mji limetoka kwa chifu wa Waodawa, wenyeji wa asili wa huko, aliyewapiga vita Waingereza 1763. Mwaka 1907 mtengenezaji wa magari ya farasi wa hapo, Edward Murphy, alianzisha kampuni ya magari ya Oakland, baadaye GM wakaimeza. 1926 wakatoa Pontiac kama mdogo wake wa bei nafuu. Mdogo akamzika mkubwa: kufika 1932 Oakland haikuwepo tena.

Kwa miaka mingi lilikuwa gari la watu wazima wasio na haraka. 1956 likakabidhiwa kwa Bunkie Knudsen, akang'oa mistari ya fedha iliyokuwa juu ya boneti na kuwapeleka wahandisi wake kwenye mashindano. Miongoni mwao alikuwa John DeLorean. GM walikuwa na amri kwamba gari la ukubwa wa kati lisitiwe injini ya kupita inchi za ujazo 330. Kwa modeli ya 1964 akina DeLorean wakachukua Tempest LeMans, wakaitia V8 ya 389, ndiyo lita 6.4, na ili amri isiwaguse wakaiandika kwenye karatasi kuwa ni nyongeza ya hiari na si gari jipya. Wakaiita GTO, jina waliloliazima kwa Ferrari bila hodi. Mwaka wa kwanza zikatoka zaidi ya 32,000. Ukubwani wangu nimekuta wazee hapa wanaosimulia mbio za usiku za Woodward machozi yakiwalenga.

Halafu Firebird 1967, na Trans Am yake. Wale wa rika langu mnaikumbuka ile nyeusi iliyokuwa ikiongea na dereva wake kwenye televisheni? Ilikuwa hiyo.

Yangu ya mwisho ilikuwa Grand Am. Usiku ukiwasha taa dashibodi nzima inawaka nyekundu, unajihisi rubani. Naikumbuka kwa hilo. Lakini ukiivua maplastiki yake ya ubavuni unakuta Oldsmobile Alero. Sunfire ukiivua ni Chevrolet Cavalier. Montana ni Chevrolet Venture. GM walikuwa wanauza gari moja kwenye maduka manne kwa grili nne, mteja akashtuka. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia mdororo wa 2008 uliiua Pontiac. Ulikuta maiti. Tarehe 27 Aprili 2009 wakatangaza, Juni 1 GM yenyewe ikaomba kinga ya mufilisi mahakamani, na Oktoba 31, 2010 mikataba ya mawakala ikaisha.

Chapuo_La_Bure

Babu umeipitia Aztek, ile Pontiac ya sura mbaya, kimya kimya kama haikuwepo 😂

Babu_wa_Woodward

Aztek tulikuwa hatuitaji mbele ya wageni. Lakini nikuambie, ilikuja na kisanduku cha kupozea vinywaji cha kutoa katikati ya siti na hema la kufunga nyuma, leo kila mtu anataka hivyo hivyo. Sura tu ndiyo iliyowashinda.

Chapuo_La_Bure

Na kwa nini waliiacha Buick, gari la wazee, wakaua la vijana?

Babu_wa_Woodward

China. Buick ilikuwa inauzika sana kule. Pontiac haikuwa na mjomba nje ya nchi.

Nai_Gari

Kwani hakuna aliyesema Toyota Voltz? Hapa Nairobi tulikuwa nazo, na ndiyo hiyo Vibe ya kizazi cha kwanza, usukani umehamishwa kulia na nembo ya Toyota ikabandikwa. Zilitoka Fremont hiyo hiyo zikapelekwa Japani kati ya 2002 na 2004. Wajapani hawakuzipenda, zikatufikia sisi. Injini nyingi ni 1ZZ-FE, ile ya Wish na Premio 1.8, kwa hivyo fundi yeyote wa Kirinyaga Road anaifungua macho yamefungwa. Ukitaka taa ya mbele sasa, hapo utajua hujui.

Kuhusu kusafirisha, Kenya usijaribu. Usukani wa kushoto hauingii, na gari likipita miaka minane tangu lisajiliwe halikubaliwi.

Kijana_wa_Pongwe

Kumbe Voltz! Mjomba wangu Tanga alikuwa nayo ya rangi ya fedha, tulikuwa tunaipanda kwenda Muheza. Siku zote nikidhani ni gari la Kijapani.

Kivu_Dallas

Ndugu yangu, kwetu Bukavu tunaendesha kuume kwa barabara, usukani wa kushoto hauna shida kabisa. Lakini nilipiga hesabu ya Vibe ya shemeji yangu: meli, halafu lori toka Dar, halafu mpaka. Ilipita bei ya gari mara mbili. Nikaiacha. Wewe wa Tanga utakutana pia na ushuru wa uchakavu kwa gari la umri ule. Iendeshe hapo hapo Ohio mpaka ikatae.

Kijana_wa_Pongwe

Nimerudi wakuu. Nimeenda leo asubuhi, injini ya baridi kama nilivyoelekezwa. Kibandiko kinasema 1.8. Oili iko juu ya alama ya katikati, rangi ya kahawia. Chini kuna kutu ya juu juu kwenye bomba la moshi, fremu na bimu bisibisi iligonga ikarudi. Mabomba ya breki makavu. VIN inaonyesha pedali na mfuko wa hewa vyote vilishafanyiwa, na karatasi zake zimo kwenye bahasha.

Ila michirizi ya waridi ipo. Miwili, upande wa mikanda, imekauka. Nikaipiga picha, nikamwonyesha bibi, akaiangalia muda mrefu. Ameshuka hadi 3,450 na ameniomba nisimtoe yule tausi wa plastiki aliyening'inia kwenye kioo mpaka aje mwenyewe kumchukua. Spana, pampu nifanyeje?

Dereva_Mkongwe

Kwa 3,450 hata mimi ningechukua. Bampa linde.

Spana_14

Lipa, chukua hati ya umiliki iliyosainiwa, usiondoke na ahadi. Usiendeshe mbali, angalia chombo cha kulanti kila asubuhi kabla hujawasha, ikishuka ongeza. Jumamosi saa tatu nitakuwepo gereji. Pampu nunua wewe, sema ya Matrix 2009 ya 1.8, na uje na mkanda mpya maana ule lazima tuutoe. Kulanti galoni moja, ya waridi. Usiniletee ya kijani.