Maili za kwenda zimeingia, za kurudi hewa: ndege ileile, rangi ileile

Mama Shokapu, Kampala

Wenzangu, habari za jioni. Nauza vipuri Kisekka, Toyota zaidi, na kila Oktoba nakwenda Guangzhou kwenye maonyesho ya Canton, ile awamu ya kwanza ya tarehe 15, maana ndiyo yenye vipuri vya magari. Kadi ya maili, zile pointi za safari unazopewa na mashirika ya ndege, ninayo mwaka wa tatu sasa. Majina ya mashirika nayaacha, sitaki kesi.

Kwenda: Entebbe, tukabadilisha ndege njiani, Guangzhou. Maili zikaingia baada ya wiki moja hivi. Kurudi: njia ileile, ndege ya rangi zilezile mkiani, hata chakula kuku na wali walewale. Nafungua akaunti, kipande cha mwisho cha kuja Entebbe kimo. Kile kirefu cha kutoka Guangzhou, sifuri. Namba ya kadi niliitaja mwenyewe kaunta, nikamwona binti akiigonga kwenye kompyuta. Nimepiga simu mara mbili, jibu ni moja tu, "safari haistahili." Haistahili vipi na miguu imenivimba humo usiku kucha?

Tiketi nilikatiwa na wakala hapa mjini, bado ninayo kwenye simu. Aliyewahi kupatwa na hili anisaidie.

Mkata Tiketi

Pole na safari, Mama. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Rangi ya ndege iache. Fungua tiketi, tafuta mstari wa hicho kipande kirefu, kisha utuambie vitu vitatu: herufi mbili zilizo mbele ya namba ya ndege, namba yenyewe ina tarakimu ngapi, na ile herufi moja ya daraja inayosimama peke yake. Pengine chini utaona maandishi madogo madogo kwamba ndege inaendeshwa na fulani. Hapo ndipo mchawi wako alipo.

Nahisi ni kodisheya. Ndege ni moja, wauzaji wawili au watatu, kila mmoja na namba yake. Ndege ya KLM ya Amsterdam kwenda New York, Delta naye anaiuza kwa namba inayoanza na DL. Rubani yuleyule, viti vilevile. Sasa kadi nyingi za maili zinasoma namba uliyouziwa, hazisomi mkia. Kama aliyekuuzia hayumo kwenye muungano wa mashirika wa kadi yako na hana mkataba nao, mfumo unakutema, hata kama mwenye ndege ni mwanachama mzuri tu.

Na herufi ya daraja usidhani ni daraja la kiti. Mnakaa wote huko nyuma, magoti yanagusa kiti cha mbele, kumbe jirani yako kanunua Y kwa bei kamili, wewe umenunua herufi ya bei ya kutupa. Kadi nyingine itakupa robo ya maili kwa herufi hiyo, nyingine haikupi kitu. Tena herufi zenyewe hugeuka: K ya mwenye ndege si lazima iwe K ya aliyeiuza.

Kijana wa Busia

Mama usikate tamaa. Mimi nilikuwa na kisa kama hicho, nikajaza fomu ya maili zilizopotea, nikaweka picha ya pasi ya kupandia ndege, nikalipwa zote. Kwa simu wanakataa ili wamalize zamu. Andika.

Mkata Tiketi

Ndugu wa Busia, ulilipwa kwa sababu kadi yako ina jedwali lake na ya Mama ina lake. Kuna zinazomtazama mwenye ndege, kuna zinazomtazama aliyeuza, kuna zinazotaka wote wawili wawe washirika. Nyingine zinaangalia hata tiketi ilitolewa na nani, yaani tarakimu 3 za mwanzo kati ya zile 13 za namba ya tiketi: 071 ni Ethiopian, 074 KLM, 082 Brussels Airlines, 016 United. Mwenye kadi ya United akishika tiketi ya 016 anahesabiwa kwa pesa aliyolipa. Akishika tiketi ya mshirika, wanahesabu umbali na herufi ya daraja. Flying Blue, kadi ya maili ya Air France na KLM, kwa tiketi za mashirika hayo ni maili 4 kwa kila euro kwa mwanachama wa ngazi ya chini, kodi za serikali hazihesabiwi. Ndiyo maana watu wawili hushuka ngazi moja ya ndege pale Entebbe na maili tofauti kabisa.

Fomu ajaze, haili pesa. Ila asichelewe, kikomo kipo. Flying Blue, kwa mfano, ni miezi 6.

Mwalimu, Arua

Nyongeza ndogo. Ndege yako ikifutwa wakakuhamishia shirika lingine, omba maili za safari uliyolipia mwanzo. Wengi hawasemi mpaka uulize. Mimi nilipewa, lakini wife alikuwa ameshatumia pasi moja ya kupandia ndege kuwashia sigiri, ikabidi niombe uthibitisho upya.

Mama Shokapu, Kampala

Nimerudi. Mkata Tiketi, wewe ni mganga. Kwenda, vipande vyote viwili vina herufi za mwenye ndege na namba ya tarakimu 3. Kurudi, kile kirefu kina herufi nisizozijua na tarakimu 4, na chini yake, kwa maandishi ya kuhitaji miwani, jina la mwenye ndege. Nimetafuta, huyo muuzaji hayumo kwenye muungano wa kadi yangu. Fomu nilijaza, wakajibu siku ya nne: hapana, kwa adabu.

Nikampigia wakala. Anasema, "Hajjati, uliniambia nafuu, nikakupa nafuu." Kweli nilimwambia.

Sasa kwa safari ya Aprili amenitumia bei mbili. Namba ya mwenye ndege, au namba ya yule mwingine ambayo imepungua dola 60. Nimekaa na kikokotoo hapa dukani, nikapiga hesabu ya maili za kipande kimoja kwa herufi yangu ya bei ya chini. Hazinifikishi hata Nairobi. Dola 60 ni zaidi ya laki mbili za Uganda, hizo ni shokapu za mbele za Premio na chenji inabaki. Nimechukua ya nafuu.

Ila safari hii nimemwambia aniandikie herufi zote kwenye WhatsApp kabla sijalipa.

Kijana wa Busia

Shokapu za Premio unauzaje, Mama?