Kikundi cha Paa la Bibi, Bombo

Shangazi Rehema, 06:12
Asalamu aleikum. Mvua ya jana imelowesha mpaka godoro la Bibi. Mabati na fundi ni 720,720. Nyumba 16, kila moja 45,045. Mwisho Ijumaa.

Idi, 06:40
Shangazi, hiyo 45 ya mwisho ni ya msumari mmoja? 😂

Rehema, 06:41
Fundi alisema 720,000. Juma ndiye aliyeongeza 720. Mwalimu, eleza.

Juma, 07:03
Hatujui watakaotoa ni wangapi. 720,000 ukiigawa kwa 11, 13 au 14, inabaki chenji. 720,720 inagawanyika kwa kila namba toka 1 hadi 16 bila baki, na hakuna ndogo kuliko hiyo yenye sifa hiyo. Tukiwa 13 ni 55,440. Tukiwa 11 ni 65,520.

Amina, 07:20
Afadhali. Ile 4,000 ya tangi mpaka leo haina mwenyewe.

Mjomba Hamisi, 07:21
Amina, nilinunua kufuli. Nimesema mara ngapi?

Amina, 07:21
Kufuli liko wapi?

Rehema, 07:22
Tusirudi huko! Juma, malizia.

Juma, 07:30
Ni 720 mara 1,001, na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili, hizo tatu zinaigawa.

Idi, 07:38
Nimejaribu 256256. Nimegawa kwa 7, kwa 11, kwa 13, imerudi 256! Huu uchawi 😂

Rehema, 07:39
Idi, umetuma?

Idi, 07:44
Je, tukiwa 17?

Juma, 07:50
Hapo inakwama, zinabaki 5. 17 ni namba tasa na haimo ndani yake. Inayokubali 1 hadi 17 ni 12,252,240.

Idi, 07:51
Hiyo tunajenga ghorofa.

Hamisi, 07:52
Juma, neno hilo usiliandike humu. Anasoma.

Juma, 07:55
Samahani sana. Ni jina la hesabuni tu.

Babu Ramadhani, 11:16
Rehema. Mwajuma umemweka wapi? Aliyezaa na asiyezaa, nyote mmetoka tumbo la dada yangu. Nyumba ni 17.

Rehema, 12:02
Shikamoo Babu. Hatukumtenga, tulimwonea huruma tu asibebe mzigo.

Babu Ramadhani, 12:05
Alikuomba huruma?

Mwajuma, 14:31
Nimetuma 42,400.

Juma, 14:40
Ahsante Shangazi. Basi nyumba 16 zilizobaki ni 42,395 kila moja, inatimia 720,720 kamili. Zile 5 amezibeba yeye.

Rehema, 14:48
Juma, ngoja kwanza, sijabadilisha orodha. Hamisi, Amina, mnasemaje?

Rehema, 17:10
Hamisi?

Saida, 21:57
Nimetoka kazini sasa. Bado ni 45,045?