Gemu za elimu: mtoto anafikiri kisayansi au anabahatisha mpaka levo ipite?

Wadau, naona mada ya kama gemu za elimu zinamjengea mwanafunzi akili ya kisayansi imewagawa watu mafungu mawili. Kuna wanaosema mwacheni mtoto acheze, atajaribu na kugundua mwenyewe, habari za mwalimu kumkaririsha zimepitwa na wakati. Na kuna wanaosema gemu ni gemu tu hata uibandike jina la fizikia. Mie naona wote mnaigombania gemu bure. Swali langu ni moja, kabla mtoto hajabonyeza, kuna kitu kinachomlazimisha aseme anategemea nini kitatokea na kwa nini? Kama hakuna basi tusidanganyane.

Ngoja niwape mfano. Nilikaa pembeni ya dogo wa kama miaka tisa anacheza gemu ya kuteremsha mpira kwenye mteremko. Kuna vidude vitatu vya kuvuta: ukali wa mteremko, uzito wa mpira, na ubao uwe laini au wa kukwaruza, kazi yako mpira usimame kwenye bendera. Basi dogo anavuta vyote vitatu kwa mpigo, anaachia, mpira unapitiliza, anavuta tena vyote, unaishia njiani, mara ya saba au ya nane hivi ukasimama penyewe, nyota tatu zikawaka na muziki juu. Nikamuuliza, kwa nini umefika? "Si nimevuta hapa na hapa." Nikamwambia haya rudia, ila uzito usiuguse. Akanitazama kama nimemtukana, maana levo imeshapita, arudi nyuma kufanya nini?

Sasa hapo niambieni sayansi iko wapi. Kanuni ya msingi ya jaribio kama hili ni kubadilisha kitu kimoja na vingine vitulie, la sivyo huwezi kujua kipi kimesababisha nini. Yule alibahatisha, na gemu ikampongeza kwa kubahatisha!

Wale wa "aachwe agundue mwenyewe" hebu tazameni hii. Mwaka 2004 watafiti David Klahr na Milena Nigam walichapisha utafiti wa watoto wa darasa la tatu na la nne, na wenyewe walitumia miteremko na mipira, ila ya kushika kwa mkono siyo ya kwenye skrini. Walioelekezwa waziwazi kwa mifano namna ya kupanga jaribio, 77% waliishika hiyo mbinu. Walioachwa wahangaike wenyewe, 23%. Kwa hiyo kuchezea vitu peke yake haitoshi, na kuweka rangi na muziki juu yake sioni kutabadilisha nini.

Lakini wa upande wa pili msishangilie mapema. Mwaka 1956 jamaa anaitwa Robert Abbott alitunga mchezo wa karata, Eleusis, mmoja anaweka kanuni ya siri kichwani kuhusu karata ipi inaruhusiwa kufuata ipi, wengine wanatupa karata na kuambiwa imekubali au imekataa mpaka waing'amue kanuni. Hapo kubonyeza ovyo hakukusaidii kitu, lazima uwe na nadharia tete, yaani dhana unayoijaribu, na uwe tayari kuitupa. Halafu mwaka 2008 watafiti Constance Steinkuehler na Sean Duncan walichambua karibu ujumbe 2,000 kwenye jukwaa la majadiliano la wachezaji wa World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ambayo haina hata harufu ya darasa, wakakuta 86% ya mazungumzo ni watu kujenga maarifa kwa pamoja, huyu analeta dai, yule anamuuliza ushahidi, mwingine anapiga hesabu kuonyesha silaha fulani haifai. Ila angalieni vizuri, huko kufikiri kulionekana kwenye kubishana kuhusu gemu.

Kuna aliyeniuliza, "sasa ukimsimamisha mtoto kila hatua aandike utabiri si umeua raha yote?" Ni kweli, ukifanya kila hatua. Mie nasema pale tu anapokwama, au pale anapopita levo na hajui amepitaje, tena bora wacheze wawili skrini moja maana mwenzako ndo atakuuliza "kwa nini unavuta hicho?" na huwezi kumjibu "basi tu" mara kumi. Na gemu yenyewe itengenezwe iwe inatoa pointi kwa utabiri, hata utabiri uliokosea ilimradi ulikuwa wazi. Nyingi nilizoziona zinatoa pointi kwa jibu na kwa spidi, ndo maana zinazaa wabahatishaji wenye vidole vyepesi.

Na msidhani hili ni tatizo la watoto. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason aliwapa watu namba 2-4-6, akawaambia zinafuata kanuni yangu, itafuteni kwa kunipa tatu tatu za kwenu. Watu 29, walioipata bila kwanza kutangaza kanuni ya uongo walikuwa 6. Wengi walikuwa wanaleta 8-10-12, 20-22-24, wanaambiwa ndiyo, vichwa vinavimba, wanasema ni kuongeza mbili mbili. Kumbe kanuni ni namba zozote zinazopanda. Hawakujaribu kuivunja kanuni waliyoidhani wenyewe.

Mchezo huu wa Wason hauhitaji kompyuta wala bando, kalamu na karatasi tu. Nilimchezesha dogo yule yule wa mpira. Akakomaa na shufwa raundi sita, kila mara ndiyo, ndiyo, anatabasamu, halafu akanyamaza kidogo akasema "ngoja niiharibu", akaandika 9-5-1. Nikamwambia hapana. Akacheka kwa nguvu, akaomba karatasi nyingine.